SOMO: Kijiji kimekombolewa, raia wanarudi. Soma kabla hujanipigia

Vijana wa hapa Tanga mnaokwenda Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, kujitolea mnauliza mambo yaleyale. Naandika mara moja tu. Nilikuwa mkalimani kule, maana Kimwani, lugha ya pwani ya kule, na Kiswahili ni ndugu. Mji wa Mocímboa da Praia waasi, wale wanaoitwa mashababi, waliushika Agosti 2020, ukakombolewa Agosti 2021.

1. Usiwatangulie wategua mabomu.
2. Ukiona chuma usichokijua, usiguse, usirushie jiwe. Rudi kwa nyayo zako.
3. Kisima kipimwe kwanza.
4. Mtoto aliyepotezana na wazazi, Msalaba Mwekundu. Usimkabidhi kwa kila anayejiita shangazi.
5. Majina. Hapa niliharibu. Waliokimbia wakirudi huwanyooshea kidole waliobaki: "Yule aliwapikia waasi." Nikaandika, majina kumi na moja, daftari nikaliacha mezani nikaenda kula. Jioni mvuvi mmoja, mzee wa watu, kakutwa kavunjwa mkono. Kosa lake aliwauzia samaki wenye bunduki. Angekataaje? USIANDIKE jina la mtuhumiwa, hata kwa penseli. Mwenye tuhuma apelekwe kwa afisa anayehusika, peke yake, faragha. Wewe andika nani hana chakula na nani mgonjwa, basi.

MASWALI

Ngamiani: Mkuu, sijasoma yote. Wasaliti tuwaorodheshe ili wapewe msaada mwisho?
— Namba 5. Soma.

Mtu wa Duga: Kwa hiyo unawatetea?
— Simtetei mtu. Mikataba ya Geneva ya 1949, kifungu cha 3: hakuna kuadhibu bila hukumu ya mahakama halali. Wewe ni hakimu?

Binti Pangani: Shikamoo mzee. Wanawake walioozwa waasi kwa nguvu, tuwapokeeje?
— Marahaba mwanangu, umeuliza la maana. Mkalimani awe mwanamke. Usimhoji mbele ya majirani. Aliyebakwa karibuni afike kliniki ndani ya saa 72, maswali yatasubiri. Na mtoto wake ana jina; ukimwita "mtoto wa mashababi" siku moja tu, atakua nalo.

Raskazone: Wale panya wa Morogoro waliofunzwa kunusa mabomu, hawawezi kutegua?
— Panya hategui, ananusa na kuonyesha. Walifanya kazi Msumbiji mpaka nchi ikatangazwa haina mabomu ya ardhini, 2015. Haya ya sasa ni mapya, ya kutengeneza kienyeji. Mkienda bebeni ndala za ziada, mchanga wa kule unachoma.

Binti Pangani: Lile daftari liliishia wapi?
— Nililitia motoni usiku uleule. Lakini walishalipiga picha kwa simu.