Kambare wa tenki kagoma kula baada ya kuhamishwa: fanya hivi, usimwongezee chakula

Nianze na kosa langu mwenyewe. Nina saluni ya kunyoa huku Uyole, Mbeya, na pembeni ya kioo kikubwa kuna tenki la samaki, ndani wapo kambare watatu wadogo wa madoa kutoka Ziwa Nyasa, wale Synodontis njassae. Walikuwa kwenye tenki la lita 60, mwezi wa sita nikapata la lita 200, nikasema leo nafanya usafi wa maana. Mchanga nikausuuza mpaka ukang'aa, sponji ya filta nikaikamua chini ya bomba mpaka maji yakatoka meupe, nikajaza maji ya bomba hapohapo nikawatia samaki. Siku tisa hawakugusa kitu. Wateja wakawa wananicheka, kaka hao samaki wako wamefunga? Na mimi kila jioni natupia tu usipa, wale dagaa wa Ziwa Nyasa, yaani nawabembeleza kama mtoto aliyesusa uji.

Siku ya tisa nikainua jiwe, chini yake usipa wote umelala, umeota nyuzi nyeupe kama pamba. Hapo ndo nikajua ninachowalisha ni sumu.

Hatua ya 1: acha kulisha. Najua roho inauma ila kambare mzima aliyeshiba vizuri huko nyuma anakaa wiki bila kula na hafi, kinachomuua ni kile chakula kinachooza. Chukua mpira mwembamba, vuta uchafu wa chini uingie kwenye ndoo, pitia nyuma ya filta na chini ya kila jiwe.

Hatua ya 2: weka themometa. Usitumie mkono, mkono wa mtu wa Mbeya mwezi wa sita unadanganya, kila kitu unaona cha uvuguvugu. Mimi nilikuta 17 asubuhi, na hawa ni samaki wa ziwa ambalo maji yake ya juu yanacheza kwenye 23 mpaka 28. Samaki joto lake ni la maji aliyomo, maji yakipoa na tumbo linapoa, hata angetaka kula chakula hakisagiki. Sababu yangu ilikuwa ya kijinga kabisa, tenki nimebadilisha ila hita nimebaki na ileile ya wati 50. Hesabu ya haraka ni wati moja kwa kila lita, na kwa baridi yetu ya Mbeya, Makambako, Njombe ongeza kidogo. Ukishapata hita usipandishe kwa mkupuo, digrii moja mpaka mbili kwa siku zinatosha, lenga 24 au 25. Funika juu ya tenki, na usiku umeme ukikatika lizungushie blanketi, wala usione aibu.

Hatua ya 3: filta, hapa ndo wengi tunafeli. Ule utelezi wa kahawia kwenye sponji siyo uchafu wa kutupa, humo wanaishi bakteria wanaobadilisha amonia, yaani sumu inayotoka kwenye taka za samaki na mabaki ya chakula, iwe nitriti halafu iwe naitreti ambayo haina ukali sana. Ukiikamua kwenye maji ya bomba yenye klorini umewaua, na kuwalea upya ni wiki nne mpaka sita, kwa baridi hata zaidi. Kipindi hicho chote samaki anakaa kwenye choo chake. Maji yanaweza kuwa meupe pee na bado yanamuunguza mashavu, kwa hiyo usiamini macho. Ukiwa na karatasi za kupimia, amonia na nitriti zote zinatakiwa zisome sifuri.

Zikisoma juu, badilisha robo ya maji kila siku, siyo yote, robo. Na kama una rafiki mwenye tenki la siku nyingi lenye samaki wazima muombe kipande cha sponji yake chafu, kiweke ndani ya filta yako. Mimi nilipewa kipande cha ukubwa wa kiberiti, nikakibeba kwenye mfuko wenye maji kama nimebeba dawa ya mganga.

Hatua ya 4: maji ya kuongezea. Ya bomba yalaze kwenye ndoo wazi siku nzima klorini ipungue, kisha changanya na ya moto kidogo mpaka themometa isome sawa na ya tenki. Walio Tukuyu wanaotumia maji ya mvua, angalieni, maji ya mvua ni laini mno na samaki wa Nyasa kazoea yenye chumvichumvi za mawe, ukimhamisha ghafla anagoma vilevile. Changanya kidogokidogo.

Hatua ya 5: mpe pa kujificha. Kambare ni mtu wa usiku. Ukimweka kwenye tenki kubwa tupu lenye taa kali ni sawa na kumlaza mgeni katikati ya stendi. Kipande cha bomba la plastiki la inchi 3 kinatosha, mimi nimeweka vigae vya chungu kilichopasuka, vile vyungu vya Ikombe. Zima taa mapema. Na ukihamisha tena usitumie wavu, miiba ya mapezi inanasa kwenye nyuzi, anaanza kulia kwe kwe mkononi na wewe unachanganyikiwa, tumia bakuli.

Hatua ya 6: sasa lisha. Subiri vipimo vitulie, subiri giza, weka mnyoo mmoja wa shambani uliooshwa na kukatwa vipande. Harufu yake hawaikatai kirahisi. Usipa ni mzuri pia ila usiwe wa chumvi. Kilichobaki asubuhi kitoe.

Dawa usikimbilie, kambare hana magamba na dawa nyingi zinamkata sana. Ila ukiona vidoa vyeupe kama chembe za chumvi, tumbo kuvimba, au sharubu zimeliwa mpaka zimekuwa fupi, hapo siyo kususa tena, ni ugonjwa, au mchanga wako una makali.

Wangu walikula siku ya nne baada ya mnyoo wa kwanza, nikiwa nafagia nywele, taa zimezimwa, nikaona sharubu zinatoka kwenye kigae zinapapasa mchanga. Sponji siku hizi naikamua kwenye ndoo ya maji ya tenki lenyewe, na yale maji machafu namwagia mchicha nyuma ya saluni.