SOMO: Kuchora duka la zamani kwa rangi za maji bila kivuli kugeuka tope

Wakuu, swali ni lile lile kila siku: "Mbona ukuta wangu umekuwa tope?" Naandika mara moja. Atakayeuliza tena namrudisha hapa.

Mfano ni duka la kona: ukuta wa chokaa, paa la bati lenye kutu, kibao cha herufi zilizofifia. Stesheni au mnara wa saa, mambo ni yale yale.

1. Karatasi ya pamba, gramu 300 kwa mita ya mraba. Ibandike ubaoni kwa utepe pande zote nne.

2. Penseli HB, mkono mwepesi. Anza na mstari wa usawa wa macho.

3. Inua ubao nyuzi 15 hivi. Anga kwanza, kisha ukuta kwa njano ya udongo (PY43, namba ya rangi iliyoandikwa kwenye tyubu) iliyo nyepesi.

4. Paa: siena iliyochomwa, ile kahawia nyekundu (PBr7). Ikiwa bado mbichi, dondoshea bluu ya altramarini (PB29) kwenye mabonde ya bati.

5. Kivuli cha paa ukutani. Hapa ndipo nilipoharibu karatasi nyingi, kwa hiyo soma polepole. Gusa ukuta kwa mgongo wa mkono. Ukihisi ubaridi, bado una maji, subiri. Koroga altramarini pamoja na siena kidogo, mchanganyiko wa kutosha kivuli kizima, maana ukiishiwa katikati umekwisha. Ikoleze kuliko unavyoona inafaa, kwani ikikauka inapauka. Brashi nene, namba 10, pitisha mara moja kutoka upande hadi upande, juu ya mlango, dirisha na kibao bila kuinua.
ONYO: usirudie. Ukisugua, njano ya chini inang'oka na kuchanganyika na bluu. Hilo ndilo tope lenyewe.
ONYO la pili: mng'ao wa maji ukishapotea, weka brashi chini. Maji mapya yatasukuma rangi pembeni na kuacha doa lenye kingo za koliflawa.

6. Rangi iliyobabuka mlangoni: brashi karibu kavu, iburute kwa ubavu.

MASWALI

Mchovyaji: Mkuu, kivuli changu kina madoa kama koliflawa, nifanyeje?
— Hatua ya 5, onyo la pili.

Kasi_tu: Nimetumia karatasi ya printa, imejikunja yote. Somo lako halifanyi kazi.
— Ile ni gramu 80. Hatua ya 1 ina mistari miwili tu, ndugu.

Kasi_tu: Si ungesema nyeusi ya tyubu kwenye kivuli, rahisi?
— Itumie ukipenda. Ukuta utaonekana una shimo, si kivuli.

Bi_Rangi: Herufi za kibao nizifanyeje zionekane zimekula jua?
— Swali zuri. Zichore kamili, zikauke kabisa. Lowesha brashi safi, ikamue, pitisha juu ya herufi chache, kisha kandamiza tishu. Fifisha zaidi upande unaopigwa na jua. Tumia altramarini, inang'oka. Bluu ya ftalo hung'ang'ania. Michirizi ya kutu ianzie kwenye vichwa vya misumari na iteremke wima hata kama kibao kimepinda.

Bi_Rangi: Asante! Na gundi ya kuzibia sehemu nyeupe?
— Paka sabuni kwenye brashi kuukuu kabla ya kuichovya, la sivyo nywele zinagandamana. Gundi usiikaushe kwa mashine ya nywele, inashika karatasi na kuichana ukiibandua.

Mchovyaji: Nimerudia kwa karatasi mpya, kivuli kimekaa. Ila mlango mwekundu nilioutia alizarini umefifia picha ikiwa imetundikwa ukutani.
— Angalia tyubu. Ikiwa ni PR83, mwanga unaila. Tafuta nyekundu yenye PV19.