Malindi hadi Nairobi na watoto wadogo: vituo vya njiani na jinsi ya kuvipanga

Kutoka Malindi hadi Nairobi kwa njia ya Kilifi, Kaloleni na Mariakani ni kama kilomita 560. Mtu mzima akiwa peke yake huzimaliza kwa vituo viwili, kimoja cha mafuta na kimoja cha chakula. Ukiwa na mtoto wa miaka minne na mdogo wake wa mwaka mmoja na nusu, mpango huo utavunjika kabla ya Voi. Umbali mtoto haujui. Anachokijua ni kukaa, njaa, mkojo na usingizi, na hivyo vinne ndivyo vinavyochagua kituo. Ramani hufuata.

Basi anza na karatasi. Juu yake andika saa ambazo mtoto wako huamka, hula, hulala mchana na huenda choo siku ya kawaida nyumbani. Chini yake andika barabara. Sheria inaruhusu gari dogo kwenda kasi kubwa kwenye barabara kuu, lakini Barabara ya Mombasa imejaa matrela, na ukikaa nyuma ya trela linalopanda mlima utakwenda kilomita 40 kwa saa. Fanya hesabu kwa wastani wa 60. Malindi hadi Mariakani ni kama kilomita 110, kwa hivyo weka saa mbili kasoro kidogo. Mariakani hadi Voi ni 120, saa mbili. Voi hadi Mtito Andei inakaribia 100. Mtito hadi Makindu ni 70 hivi, na Makindu hadi Nairobi ni 170. Jumla ni saa tisa na ushei za usukani peke yake. Ongeza saa tatu za vituo, na aliyeondoka saa 11:30 alfajiri atafika jua likizama.

Kwa hivyo amua hili mapema: mtoto aliye chini ya miaka mitano, mlalishe njiani. Voi ndipo pafaapo. Watu wengi hung'ang'ania siku moja ili kuokoa pesa ya chumba, kisha wakajikuta gizani kati ya Sultan Hamud na Athi River, taa za malori machoni, mtoto analia na dereva hana nguvu tena. Pesa ya chumba ni bora kuliko hapo.

Kituo kiwe kila baada ya dakika 90 kwa mtoto aliye chini ya miaka mitatu, na kila baada ya saa mbili kwa wakubwa. Usingoje alie, kwa kuwa akishaanza kulia huwa umechelewa kwa dakika 20, na mahali pazuri pa kusimama pamekwisha kupita. Akiwa amelala fofofo, kipite kituo hicho. Usimwamshe kwa ajili ya ratiba. Kituo kifupi ni dakika 15 hadi 20, kirefu ni saa moja. Chini ya dakika 15 miguu haijanyooka. Ikizidi saa moja na nusu, mtoto anaona mmefika, na kumrudisha garini ni vita.

Na kituo maana yake ni kukimbia. Kosa tunaloliona mara nyingi ni familia kushuka garini, kuingia hotelini na kukaa tena kwenye viti dakika 40 kusubiri chakula. Kwa mtoto huko ni kutoka kiti kimoja kwenda kingine. Mzazi mmoja aagize, mwingine abaki nje na watoto: mpira, kuruka kamba, mdako kwa vijiwe, au kibe pale ambapo hakuna magari. Waingie chakula kikiwa mezani. Dereva asipewe mtoto yeyote wakati huo. Ale, aswali, afumbe macho kidogo.

Vitu vya kwenye buti

Leso nne. Moja ya kufunika kiti gari likiachwa juani, kwa sababu chuma cha mkanda hupata moto wa kuunguza paja la mtoto. Moja ya kubanwa kwenye dirisha. Asubuhi, mkielekea Voi, jua huwa upande wa kulia. Alasiri huhamia kushoto, nayo leso ihame pamoja nalo. Ya tatu ni ya kubadilishia nepi, ya nne ni pazia la msichana anayekojoa kando ya gari.

Mtungi wa maji wa lita 5, sabuni, kopo na tishu vikae pembeni, si chini ya masanduku. Vyoo vingi vya vituo vya mafuta ni vya kuchuchumaa, na mtoto wa miaka mitatu huogopa shimo, akakataa, kisha akajikojolea kilomita kumi mbele. Mshike kwa nyuma, mikono chini ya magoti, mgongo wake ukiegemea kifua chako. Aliyeacha nepi juzi juzi, mbebee poti yake ya nyumbani. Mlango wa nyuma ukiwa wazi, anakaa hapo hapo kwenye buti.

Kutapika. Tangu Agosti 2017 mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku Kenya, kwa hivyo mazoea ya kumwekea mtoto mfuko mdomoni yamekwisha. Kilicho bora zaidi ni kindoo cha mafuta ya kupikia cha kilo moja au mbili, chenye kifuniko kinachobana. Tandika tishu chini ili matapishi yasicheze, kikae miguuni kwa mtoto mwenyewe, kifuniko kikiwa kimelegezwa. Dalili huja mapema: mtoto msemaji ananyamaza, anapiga miayo, uso unapauka, mate yanamjaa. Fungua dirisha, mwambie atazame mbali mbele, ondoa simu au kitabu mkononi. Chanzo ni kwamba sikio la ndani linahisi gari linapinda huku jicho likiona kitu kilichotulia. Mwenye tabia hiyo akae katikati ya kiti cha nyuma, anapoiona barabara. Kama unataka dawa, mwulize mfamasia kwa umri na uzito wake. Kidonge cha mtu mzima kisikatwe nusu.

Chakula ni kikavu: mahamri, mkate wa sinia, mayai ya kuchemsha, ndizi, muhogo. Mbaazi ziache nyumbani, maana tui huchacha haraka kwenye joto la gari. Mabuyu pia. Kokwa zake na njugu zinaweza kumkaba mtoto mdogo garini, mahali ambapo humfikii upesi, na rangi yake nyekundu haitoki kwenye kitambaa cha kiti. Machungwa yangoje kituoni. Maji yawe funda chache kila nusu saa, kuliko chupa nzima mara moja. Dafu pia ni zuri, ila hesabu: mtoto aliyemaliza dafu zima atataka kukojoa muda si mrefu, basi mnunulie mahali ambapo mnakaa kidogo.

Siku ya kwanza: Malindi hadi Voi

Ondokeni baada ya swala ya alfajiri, saa 11:30. Watoto wabebwe kutoka kitandani wakiwa wamevaa tayari nguo za safari, wamekojoa usingizini-usingizini, tumbo tupu. Hii ina sababu yake. Ukishavuka daraja la Kilifi na kukunja kulia Mavueni, barabara ya Kaloleni hupanda na kupinda kati ya minazi, na ndiyo sehemu ya kutapika kuliko zote katika safari hii. Mtoto aliyelala hatapiki kirahisi. Aliyekunywa chai ya maziwa Kilifi atakwambia kabla ya Kaloleni.

Ndiyo maana vivutio vya karibu na nyumbani, Gede, Mida, Mnarani, havifai wakati wa kwenda. Vingine mtavipita vikiwa bado vimefungwa, na mtoto ambaye angelala saa mbili mtakuwa mmemwamsha bure.

Mariakani mtafika kama saa 1:30 asubuhi. Simameni dakika 15 tu kwenye kituo cha mafuta, choo na hamri moja mkononi. Malori ni mengi na si mahali pa kumwachia mtoto mkono. Chai yenyewe inangoja mji mdogo wa Mackinnon Road, mwendo wa saa moja, penye msikiti na kaburi la walii Sayyid Baghali Shah. Wasafiri wamekuwa wakisimama hapo miaka mingi. Kuna maji ya kutawadha na pa kukaa. Vaeni nguo za heshima, mtoto afundishwe kuvua viatu mwenyewe, na kwa kuwa reli ya zamani na barabara zote ziko jirani, mtu mzima mmoja awe na mtoto mmoja. Dakika 40 hapo zinatosha.

Voi mtafika kati ya saa 4 na saa 5. Tumia mchana wa moto kulala, wote, hata dereva. Saa 9 alasiri mnaweza kuingia Tsavo Mashariki kwa lango la Voi. Mambo matatu huwakwamisha watu hapo. Malipo hayapokewi kwa noti, hufanywa kwa njia ya eCitizen, mtandao wa malipo wa serikali, basi yamalizeni hotelini penye mtandao. Chupa za plastiki za kutumia mara moja haziruhusiwi kwenye mbuga tangu tarehe 5 Juni 2020, kwa hivyo maji yawe kwenye chupa za kudumu. Na lango hufungwa saa 12 jioni, mwendo ndani ni kilomita 40 kwa saa, hivyo msijipeleke mbali. Saa mbili za kuzunguka karibu na lango zinamtosha mtoto. Ndovu mmoja mwekundu kwa udongo anaojirushia, akiwa amesimama mita chache kutoka dirishani, mtoto hamsahau; wanyama kumi wa mbali hata hawaoni.

Iko pia njia ya Sala, inayotoka Malindi moja kwa moja na kuikata mbuga kando ya mto Galana hadi Voi. Ni nzuri mno, lakini ndani ya mbuga hushuki garini unapotaka, wala hakuna mafuta. Isubiri mpaka mdogo atimize miaka sita.

Siku ya pili: Voi hadi Nairobi

Voi hadi Mtito Andei msisimame kando ya barabara hata kwa mkojo wa dharura. Tsavo Mashariki iko kulia, Magharibi kushoto, na ndovu na simba hawajui mpaka wa lami. Poti ndiyo jawabu. Badala yake kipande hiki kiwe cha mchezo wa macho: anayeona ndovu kwanza apate alama tano, punda milia mbili, treni ya SGR tatu. Mwonyesheni njia za chini ya tuta la reli walizojengewa wanyama wapite. Mkivuka mto Tsavo, wenye miaka saba na zaidi waelezeni kuhusu simba wawili wasio na manyoya ya shingo waliokuwa wakila wajenzi wa reli hapo mwaka 1898. Leo wako kwenye jumba la makumbusho Chicago. Wadogo waimbiwe tu. Macho yakichoka, vitendawili: “Kuku wangu katagia mibani” inatosha kumshughulisha mtoto wa miaka mitano mpaka alikumbuke nanasi.

Mkiondoka Voi saa 2 asubuhi, Mtito ni kituo kifupi na Makindu mtakuwepo kabla ya saa 6:30. Hapo ndipo kituo kirefu cha siku. Hekalu la Makalasinga la Makindu lilijengwa mwaka 1926, na hulisha msafiri yeyote bila malipo wala kuulizwa dini. Utaratibu ni huu: mnavua viatu, mnanawa, kila mmoja anafunika kichwa, wavulana na akina baba pia, kwa hivyo kofia na leso ziwe juu ya mzigo. Sigara na pombe haziingii. Chakula ni cha mboga na nafaka, dengu na chapati, na chai. Chukueni kidogo, mkitaka mrudie, kwani kubakisha ni kukosa adabu. Mtoto mchaguzi agawane sahani na mama yake. Anayetaka hutoa sadaka. Kabla ya kuondoka waacheni watembee nje mpaka jasho liwatoke, kwa maana usingizi wa mchana mnaoutaka uwakute Emali na uwafikishe Salama.

Simameni Salama au karibu na makutano ya Machakos, choo kwa kila mtu, hata anayesema hana. Mbele kuna msongamano wa Athi River na Mlolongo, na mkipanda barabara ya juu ya kulipia pale Mlolongo hamtapata choo hadi mshuke.

Kurudi ni mpango mwingine

Msigeuze ile karatasi tu. Mkitoka Nairobi saa 12 asubuhi, Makindu inakuwa chai ya saa 3, na kati ya Sultan Hamud na Emali, anga likiwa safi, Kilimanjaro huonekana kuliani kabla mawingu hayajaufunika mlima. Kwenda, mlipita hapo mchana na hamkuuona.

Siku ya pili, Voi hadi nyumbani, kona za Kaloleni mtazipita watoto wako macho. Wapeni kitu kikavu Mariakani, kindoo kikae tayari, na dereva apunguze mwendo. Kisha Gede, iliyokuwa haina maana mlipokuwa mnaondoka, inakuwa kituo bora cha safari nzima: mji wa mawe ya matumbawe uliohamwa karne ya 17, kivuli cha miti mikubwa saa za jua kali, kuta za kuchungulia, kima, na mradi wa Kipepeo ulioanza mwaka 1993 hapo hapo langoni. Visima vya kale ni virefu, mshikeni mdogo. Ndizi zilizobaki zifungiwe garini, kwani kima huzifuata hadi mkononi mwa mtoto.