Somo: Kumvalisha rubani wa Kilwa, kuanzia kikoi hadi fundo la tano

Wenzangu, mmeniuliza mara nyingi nilivyomvalisha mhusika wangu, yule ninayemwigiza kwa mavazi katika chama chetu, sasa leo nimekaa niandike hatua zote. Anaitwa Rubani wa Fundo la Tano, rubani wa chombo cha baharini. Ni mtu wa njozi, kwa sababu amefika bandari isiyokuwemo katika ramani yoyote. Lakini karibu kila alichovaa kingeweza kuonekana Kilwa miaka mia saba iliyopita. Ukitaka watu waliamini jambo moja la ajabu, vinavyolizunguka viwe vya kweli. Mhusika mwenye mbawa, taji, upanga wa moto na joho la nyota humwacha mtazamaji bila pa kushika.

Hatua ya kwanza: mwaka, mahali na kazi

Usianze na duka. Anza na sentensi moja: huyu ni nani, yuko wapi, mwaka gani, anakula kwa kazi ipi. Wangu ni rubani, yuko Kilwa Kisiwani, mwaka 1331.

Mwaka huo nimeuchagua kwa kuwa ndio msafiri wa Morocco, Ibn Battuta, alipita pwani yetu. Amesimulia habari ya sultani wa Kilwa, al-Hasan bin Sulaiman, aliyeitwa Abu al-Mawahib kwa ukarimu wake. Anatoka msikitini Ijumaa, fakiri kutoka Yemen anamwomba nguo alizovaa mwilini. Sultani akaingia ndani, akabadilisha, akampa. Mwanawe alizikomboa nguo zile kwa watumwa 10. Soma hapo mara mbili. Utaona nguo ilikuwa na thamani gani, na utaona pia mji ule ulikuwa na watumwa. Mhusika wako akiwa mtu wa Kilwa hiyo, biashara hiyo anaijua, msiifute kwenye historia yake.

Sehemu ya njozi niliipata mbali zaidi. Mwaka 1944 askari mmoja aliokota sarafu katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia, na 5 kati yake zikaja kutambuliwa kuwa za shaba za Kilwa. Zilifikaje huko? Mhusika wangu ndiye jibu langu.

Kabla ya kununua hata uzi, nenda Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert, ukasimame mbele ya vitu vya Kilwa: sarafu, shanga, vipande vya vyombo vya China. Chukua daftari, chora. Sarafu ni ndogo kuliko unavyodhani, na kwenye picha huwezi kuliona hilo.

Hatua ya pili: tabaka za nguo

Ibn Battuta huyo huyo alipokaribishwa Mogadishu aliletewa mavazi, na ameyataja moja moja: kitambaa cha hariri cha kufunga kiunoni, kanzu ya kitani cha Misri, joho lenye bitana, na kilemba cha Misri chenye darizi. Hayo ni mavazi ya mgeni wa heshima, rubani wangu hana uwezo huo wote. Nikabakiza umbo, nikashusha kitambaa: kikoi, kanzu fupi ya pamba inayoishia chini kidogo ya magoti, kilemba cha melimeli, ile pamba nyepesi, na joho moja tu zuri alilopewa kama malipo. Joho ndilo linaloeleza kwamba amesafiri.

Hatua ya tatu: kitambaa

Shuka Kariakoo asubuhi, kabla jua halijakuchosha ukaanza kukubali chochote. Ulizia amerikani, ile pamba nzito isiyopaushwa. Jina lake ni la karne ya 19, lilikuja na meli za Marekani, lakini pamba yenyewe Kilwa waliijua zamani sana: wachimbuaji wa mambo ya kale wamekuta vigae vilivyotobolewa katikati, vilivyokuwa uzito wa pia za kusokotea uzi.

Muuzaji atakwambia kila kitambaa ni pamba tupu. Omba kipande cha pindo, toka nje, chomoa nyuzi tatu uziwashe kwa kiberiti. Pamba inanuka kama karatasi inayoungua na kuacha jivu linalopeperuka. Nailoni na polista zinajikunja, zinayeyuka, zinaacha punje ngumu kama ushanga mweusi. Kwa jua la Dar jaribio hili linakuokoa, maana kanzu ya polista saa nane mchana ni mateso.

Nunua mita 4 za kanzu na mita 5 za melimeli kwa kilemba.

Hatua ya nne: kwa fundi

Hapa ndipo mavazi mengi yanapoharibika. Ukimwambia fundi "nishonee kitu cha kale", atakukatia shati la kisasa lenye mikono ya duara na zipu mgongoni. Mtafute fundi wa kanzu, mzee akiwezekana, umwambie kwa maneno ya kazi yake: badani, yaani kipande kikuu cha mwili, iwe moja iliyonyooka mbele na nyuma, taharizi, vile vipande vya pembeni, mbavuni, kikwapa cha pembe nne chini ya mkono, kola asiweke, zipu asiweke. Kikwapa ni kipande kidogo kama kiganja, lakini ndicho kinachokuwezesha kuinua mkono kuvuta kamba bila kanzu nzima kupanda juu.

Mishono ya ndani apige kwa cherehani, hakuna atakayeichungulia. Pindo la chini, shingo na ncha za mikono, mwambie apige bandi tu, kisha ushone mwenyewe kwa mkono. Mimi zilinichukua jioni nne. Mshono wa mkono unayumba kidogo, na jicho la mtu linaona kuyumba huko hata kama hajui linaona nini.

Hatua ya tano: rangi

Binzari robo kilo, maji ndoo ya lita 10, shabu vijiko viwili vya chakula. Chemsha kwa moto mdogo nusu saa, ukigeuza. Utapata manjano ya kung'aa yanayopauka juani, na kupauka huko ni kwa baharia hasa.

Lakini suuza sabuni yote kwanza. Kilemba changu cha kwanza nilikifua nikakisuuza haraka haraka, nikakitia kwenye binzari. Kilipotoka kilikuwa na mabaka mekundu kama matofali, kila mahali sabuni ilipobaki. Binzari ikikutana na sabuni hugeuka nyekundu. Niliumia, mita tano zile. Siku hizi nasuuza mara nne, na maji ya mwisho natia ndimu.

Kwa kijivu cha bahari, chemsha majani ya chai mengi, kisha loweka humo misumari yenye kutu. Usizidishe misumari wala muda, kwani chuma hula uzi na kitambaa kitachanika baada ya mwaka.

Hatua ya sita: kiunoni na mkononi

Kila kitu kiwe na kazi. Mkoba wa ukili, maana mkindu haujabadilika na wasukaji wapo. Makubadhi ya ngozi. Kipande cha kamba ya makumbi ya nazi, kwa sababu mitepe ya zamani ilishonwa kwa kamba hiyo, ubao kwa ubao, bila misumari, na baharia wa mtepe asiyekuwa na kamba ya kushonea ni sawa na fundi asiyekuwa na sindano. Shanga chache za akiki au za kioo, zisizidi kumi. Akiki ilikuja kutoka India, si ya kumwaga shingo nzima.

Sarafu nilikatiwa na fundi wa vyuma Gerezani kutoka kwenye bati la shaba chakavu. Zigonge kwa nyundo, zisiwe duara kamili.

Hatua ya saba: kamali

Hii siyo kamari ya pesa. Kamali ni kibao chenye kamba ya mafundo, mabaharia wa Bahari ya Hindi walipimia nacho urefu wa nyota. Unauma kamba kwa meno, unasogeza kibao mbele mpaka ukingo wa chini uguse upeo wa bahari na wa juu uguse Nyota ya Kaskazini. Fundo lililo menoni ndilo bandari yako.

Kata kibao cha mraba wa sentimita 10, toboa katikati, pitisha kamba. Nimepiga hesabu kwa latitudo za leo, mafundo yakae hivi kutoka kwenye kibao: Hormuz sentimita 21, Khambhat 25, Adeni 45, Calicut 51. Kilwa haina fundo. Iko nyuzi 9 kusini mwa ikweta, na huku nyota hiyo haichomozi kamwe. Rubani wangu anaanza kuitumia akishapanda kaskazini.

Mwisho vaa vyote siku tatu nyumbani. Fua kwa maji ya bahari, anika juani, piga msasa mabegani na magotini. Nguo mpya huua mhusika.

MASWALI YA WANACHAMA

Kutoka Mbagala: Shikamoo dada. Nina elfu arobaini tu, nianze na nini?

Marahaba mdogo wangu. Melimeli, amerikani, na kamali utengeneze mwenyewe. Kikoi azima nyumbani. Joho acha kabisa kwa sasa. Joho la kitambaa rahisi linashusha vyote vilivyobaki.

Kutoka Kigamboni: Kanga je? Nataka mhusika wa kike wa Kilwa hiyo hiyo.

Kanga imeanza mwishoni mwa karne ya 19, kwa 1331 haimo. Mfunge kitambaa kisichokuwa na maandishi, chenye mistari au rangi moja. Ila ukimhamishia Unguja ya miaka ya 1920, kanga ndiyo nguo yake haswa, na utapata raha ya kumchagulia jina la kanga linalosema siri yake.

Kutoka Tabata: Nimeona suruali za kombati mitumbani Karume, ngumu na nzuri. Nikizipaka rangi?

Hapana kaka. Raia haruhusiwi kuvaa mavazi ya jeshi wala yanayofanana nayo, na madoa yale hayafichwi na binzari. Na kisu chako kiwe cha mti, ukipanda daladala kikae ndani ya mkoba.

Kutoka Sinza: Babu yangu anasema kufunga kilemba kwa mchezo ni kejeli kwa masheikh. Nimjibu vipi?

Usimjibu, mwombe akufundishe kukifunga. Mimi nilifundishwa na mzee wa jirani, na alipoona nimekuja na daftari alifurahi. Kilemba walivaa wafanyabiashara na mabaharia pia, lakini mipaka ipo: tasbihi na msahafu si vifaa vya mhusika, aya hazitariziwi kwenye nguo, na uwanja wa msikiti si mahali pa kupigia picha zetu.

Kutoka Ilala: Dada, umetaja mafundo manne. La tano liko wapi?

Sentimita 90. Shika kibao, uma kamba kwenye fundo hilo, nyoosha mkono. Haufiki.