Kabla ya kuchomwa visindano usoni
Dada zangu mnaofikiria huduma ya kuchomwa visindano vidogo usoni ili ngozi itengeneze yenyewe kolajeni, ile protini inayoipa ngozi uimara, kwanza kagueni makovu yenu ya zamani. Kama tundu la hereni tu liliwahi kukuotea keloidi, yaani kovu linalovimba na kukua kupita jeraha lenyewe, mwambie daktari wa ngozi kabla hajakugusa. Sisi wenye ngozi nyeusi, keloidi hutupata zaidi. Chunusi zikiwa bado zimevimba, subiri zipoe. Kolajeni hujengeka taratibu, kwa miezi, na mara nyingi utarudi mara 3 au zaidi, kila baada ya wiki 4 hadi 6. Muda wote huo paka losheni ya kukinga jua, yenye SPF (kipimo cha kinga ya jua) 30 kwenda juu, madoa meusi yasikubakie. Na ile rola ya sindano ya kujichoma mwenyewe nyumbani, nakusihi, iache.