Mpe Kijana Ufunguo wa Kanisa Ungali Hai

Nimekuwa mzee wa kanisa kwa miaka 19 katika mtaa mmoja, yaani tawi la usharika, wa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) huku Kilimanjaro. Kabla ya hapo nilifundisha shule ya msingi. Ninaandika haya kwa sababu ya msiba mmoja. Mwinjilisti wetu alikuwa amelazwa, mchungaji ana mazishi mengine usharikani, na mzee aliyeijua ibada ya mazishi kwa moyo tulikuwa tumemzika yeye mwenyewe miezi miwili nyuma. Jeneza limefika kihambani, kwenye shamba la nyumbani, mvua inanyesha, sisi tunatazamana nani asome nini. Vijana waliopata kipaimara kwetu walikuwapo zaidi ya 20. Hakuna hata mmoja tuliyewahi kumshikisha kitabu cha ibada. Kosa lilikuwa letu wazee, na tangu siku ile nimekuwa nikilishughulikia.

Kazi ya kuwaandaa vijana inaanzia jikoni. Katekisimu Ndogo ambayo watoto wetu wanaikariri, Martin Luther aliitoa mwaka 1529 akiwalenga pia wenye nyumba, wawafundishe watu wa nyumbani mwao. Sisi tumeigeuza kuwa kazi ya mwinjilisti peke yake. Paulo naye, akiikumbuka imani ya Timotheo, anamtaja bibi yake Loisi na mama yake Eunike. Basi mtoto akirudi kutoka darasa la kipaimara, muulize wamefika amri ya ngapi, akuelezee maana yake mkiwa mnamenya ndizi. Dakika kumi zinatosha. Kama umesahau amri ya nane, ile ya kumshuhudia jirani uongo, mwambie akufundishe. Mtoto aliyemfundisha bibi yake hasahau.

Halafu ijue Jumapili ya hatari. Wengi hudhani hatari ni kijana kwenda mjini. Kwangu mimi hatari ni Jumapili ile inayofuata baada ya kipaimara. Wiki iliyopita walivaa nyeupe, wakawekewa mikono, nyumbani kukapikwa pilau na keki ikakatwa. Wiki hii mabenchi yao ni matupu, kama watu waliomaliza shule. Dawa niliyoiona ikifanya kazi ni kuwapangia zamu ya Jumapili hiyo kabla hata ya sherehe: wawili wasome masomo, wawili wakusanye sadaka, mmoja asome matangazo, wengine wasimamie mnada wa mavuno baada ya ibada. Karatasi ya zamu ibandikwe mlangoni ikiwa na majina yao. Mzazi akiliona jina la mwanawe pale, atamwamsha mwenyewe.

Tunayo pia Sikukuu ya Mikaeli na Watoto, mwishoni mwa Septemba. Watoto wanaongoza liturgia, wanaimba, sisi kina mama tunafuta machozi. Naipenda sana siku ile. Lakini Jumapili inayofuata tunawarudisha nyuma, nao wanajifunza kwamba ile kazi ilikuwa ya kuigiza. Aliyesoma vizuri siku ya Mikaeli, mpe somo la Oktoba.

Kusoma kunaandaliwa. Mpe somo siku ya Jumatano. Jumamosi mpeleke kanisani kukiwa kutupu, wewe kaa benchi la mwisho, na usiposikia neno inua mkono. Majina kama Nebukadreza ayatamke mara tatu kwa sauti. Usimsahihishe mbele ya ushirika. Nilimwona binti mmoja akikatizwa katikati ya somo na mzee mwenzangu kwa sababu ya herufi moja. Hakupanda tena pale mbele kwa miaka minne.

Nataka nikae kidogo kwenye fedha, maana hapo ndipo wazee tunapong'ang'ania zaidi. Tunasema vijana hawaaminiki, kumbe hatujawahi kuwaonyesha uaminifu unavyofanyika. Chagua kijana mmoja, akae nanyi mezani kwa miezi mitatu. Mwezi wa kwanza atazame tu: kapu linamwagwa mbele ya watu watatu, bahasha za ahadi zinatengwa, noti zinapangwa kwa aina, sarafu zinawekwa mafungu. Mwezi wa pili ahesabu nanyi. Mwezi wa tatu ahesabu yeye kwanza, ninyi mrudie, kisha wote mtie sahihi kitabuni kabla mtu hajatoka chumbani. Binti wa kwanza niliyemkalisha pale alikuta hesabu yake inapungua shilingi 2,000. Mimi nilikuwa nimechoka, mnada unaniita nje, nikamwambia tuandike ya kwetu. Akakataa. Akarudia noti moja moja mpaka akakuta mbili zimegandana kwa unyevu. Siku hiyo niliacha kusema vijana hawaaminiki.

Ibada ya mazishi nayo isisubiri msiba. Mara mbili kwa mwaka tunawaita vijana na mwinjilisti anawapitisha: nani anatangulia, wapi wimbo unaingia, nani anasoma historia ya marehemu, maneno ya udongo yanasemwa lini. Tunafanyia nyuma ya kanisa, bila jeneza. Mwanzoni waliogopa, sasa wanauliza maswali mazuri.

Kwaya ina tatizo lake. Nyimbo nyingi za zamani zipo kwenye vichwa vya wazee wanaoimba sauti za kiume, besi na tena, na daftari za nota zimeliwa na mchwa. Mrekodi kila mzee kwa simu akiimba sauti yake peke yake, polepole, na mpe kijana kazi ya kuandika d, r, m, f chini ya maneno. Vinanda vipya viendelee, sina ugomvi navyo.

Watakaoondoka wataondoka. Desemba kanisa linajaa watu wa Dar es Salaam na Arusha, Januari tunabaki wachache. Kijana anapofunga begi, mwandikieni barua ya utambulisho, na ndani yake yatajeni anayoyaweza: amesoma masomo, amehesabu sadaka, anaimba sauti ya tena. Kisha mtafuteni kwa simu mzee mmoja wa huko aendako. Barua bila mtu wa kuipokea hubaki begini.

Mwisho ni ufunguo. Wetu nilikaa nao mimi, umefungwa kwenye kitambaa chekundu, na kumpa kijana wa miaka 17 kulinikosesha usingizi. Ukishampa, Jumapili ile usiende mapema kumchungulia. Baki nyumbani usikilize kengele. Ikichelewa dakika tano, vumilia. Ikichelewa kumi, mpigie simu. Mimi nilisimama mgombani nikiwa nimeshavaa, simu mkononi, na kengele ikalia saa kumi na mbili kamili.