Namna ya kusoma riwaya za fantasia zilizosukwa upya kutoka hadithi za kale mpaka uzifaidi

Wadogo zangu wengi hapa Dodoma, wa sekondari na hata wale wa chuo, wananiambia walishajaribu kusoma hizi riwaya za fantasia za vijana (hadithi ndefu zenye uchawi na dunia za kubuni), zile ambazo mwandishi anachukua hadithi ya kale kama Sinderela anaisuka upya, wakafika ukurasa wa ishirini wakaacha. Majina magumu, ramani mwanzoni, Kiingereza kirefu, halafu wanasema "si ileile tu, mwisho naujua, anaolewa na mwana wa mfalme". Sasa hapo ndo penyewe. Mwisho unaujua ndiyo, ila kuna maswali kibao ile hadithi iliyaacha njiani bila majibu, na riwaya nzuri ya aina hii huwa inaanzia kwenye swali mojawapo. Ukisoma huku unalitafuta hilo swali, kitabu kinakuwa kitamu balaa.

Chukua Sinderela mwenyewe. Ulivyokuwa mdogo ulisikia anafua, anapika, anadeki, akiambiwa asitoke hatoki. Ukubwani ukikaa ukatafakari unajiuliza, mbona huyu binti hagomi hata siku moja? Mwaka 1997 Gail Carson Levine alitoa Ella Enchanted na akalijibu swali hilohilo: kwake yeye binti alipozaliwa alipewa na kiumbe mmoja wa kichawi "zawadi" ya utii, yaani mtu yeyote akimpa amri lazima afanye, akijaribu kukataa anaanza kuumwa mpaka atii. Kuna sehemu ana miaka mitano, ni bethdei yake, mpishi anampa keki anamwambia kwa upendo tu "kula", basi mtoto anakula, anakula, hawezi kuacha. Mimi pale niliogopa kweli, maana mpishi hana ubaya wowote, kasema neno ambalo hata mama yako anakuambia kila siku. Kuanzia hapo kila mtu akifungua mdomo mbele ya Ella roho inakudunda. Hadithi ni ileile ya mama wa kambo na ndugu wakorofi, ila sasa ule utii una sababu, na unataka kujua atajinasuaje.

Kwa hiyo cha kwanza kabisa, kabla hujagusa riwaya, soma ile hadithi ya zamani. Usitegemee katuni, katuni zimeondoa mengi. Sinderela wa Charles Perrault, Mfaransa, mwaka 1697, ndo mwenye boga linalogeuka gari na kiatu cha kioo. Sinderela wa ndugu Grimm wa Ujerumani, mwaka 1812, hana boga wala nini, ana mti uliomea kwenye kaburi la mama yake, na wale dada mmoja anakata kidole cha mguu na mwingine anakata kisigino ili kiatu kiingie, damu inaonekana. Na karne nyingi kabla yao China walikuwa na binti yao Ye Xian, imeandikwa karne ya 9, anasaidiwa na mifupa ya samaki aliyekuwa akimfuga. Hizi hadithi ni fupi, nyingine unaimaliza ukisubiri daladala, na za Grimm zipo bure kwenye tovuti ya Project Gutenberg, unapakua mara moja unasoma hata bila bando. Ukishazijua hizo mbili tatu, riwaya inapokuletea samaki au mti unastuka mwenyewe, unajua mwandishi kachukua wapi na kabadilisha nini. Raha yake huwezi kumwelezea mtu ambaye hajaionja.

Na tusijifanye huu utamaduni ni wa Wazungu tu. Wengi wetu tulisoma Adili na Nduguze ya Shaaban Robert tukafanyia mtihani tukasahau, lakini ile nayo ni hadithi iliyosukwa upya! Mzizi wake uko kwenye Alfu Lela Ulela, kuna gavana wa Basra ambaye ndugu zake wawili waligeuzwa mbwa na anatakiwa kuwachapa kila usiku. Shaaban Robert akawafanya manyani, akahamishia yote kwenye nchi zake za kufikirika, akawapa majina Hasidi na Mwivu ili usiwe na shaka na tabia zao. Kaichukue tena ukaisome ukubwani, bila mtihani, jiulize kwa nini alibadilisha alivyobadilisha. Ni mazoezi mazuri kuliko yote na ni Kiswahili safi.

Haya tuje kwenye kusoma kwenyewe. Mimi nawashauri wanaoanza waanze na Cinder ya Marissa Meyer, ya mwaka 2012. Sinderela humo ni fundi wa kutengeneza mitambo, ana kibanda sokoni, nusu mtu nusu mashine. Kitabu kinafunguka yupo kibandani anahangaika na skrubu yenye kutu kwenye kifundo cha mguu, anautoa mguu wake wa chuma kwa sababu umekuwa mdogo, amekua ila hajawahi kupata mwingine kwa miaka. Tulia hapo. Ile hadithi ya kale tatizo ni kiatu kuingia kwenye mguu, huyu mwandishi kageuza mguu wenyewe ndo haumtoshi mwenyewe. Hajakuambia "angalia nimefanya nini", kakuwekea tu pale ukurasa wa kwanza, asiyejua hadithi anapita, wewe unayejua unatabasamu. Baada ya hicho vinafuata Scarlet (Binti Kofia Nyekundu), Cress (Rapunzeli, yule binti wa nywele ndefu aliyefungiwa mnarani) na Winter (yule binti mweupe kama theluji), vifuate kwa mpangilio huohuo maana stori inaendelea moja, ukiruka utapotea na utajiharibia.

Ramani ya mwanzoni iruke, utairudia mwenyewe ukiihitaji. Majina yaandike kwenye karatasi, jina na neno moja tu, mfano "dada mbaya", "daktari", inatosha. Neno la Kiingereza usilolijua liache liende, usikimbilie kamusi kila mstari, maana nusu ya hayo maneno mwandishi kayatunga na kamusi haiyajui! Likijirudia mara nyingi ndo ulitafute. Ila kurasa za mwanzo zisome kwa mkupuo, kaa chini hata saa moja na nusu simu iko mbali, kwa sababu fantasia inajenga dunia mpya kabisa na ukisoma kurasa mbili leo mbili keshokutwa kila siku utakuwa unaanza upya. Safari ni nafasi nzuri sana kwa hili. Treni ya SGR kutoka Dar mpaka huku inatosha kabisa kukuvusha ile sehemu ngumu, ukishuka stesheni tayari umenasa.

Vitabu vyenyewe ni kutafuta. Uliza maktaba ya mkoa, pitia wanaouza vitabu vya mtumba, na msichoke kuazimana. Tukichanga watu wachache tukanunua kimoja kikazunguka kinatusaidia wote, na pia mnapata wa kubishana naye, maana hivi vitabu ukisoma peke yako umekula nusu. Sisi tunaosoma pamoja hapa tunakutana Jumamosi jioni jua likishapungua ukali, na mabishano ya juzijuzi yalikuwa kama mama wa kambo naye anastahili kupewa riwaya yake, binti mmoja wa kidato cha tatu akasimama kumtetea kwa nguvu kwamba mjane aliyeachiwa madeni na watoto watatu hakuna aliyemuuliza anaishije, watu wakanyamaza wakamsikiliza. Huyo sasa anajua kusoma.

Neno kwa wazazi na dada wakubwa: kava nzuri lenye ua na upanga haimaanishi kitabu ni cha mtoto. Siku hizi fantasia za mapenzi za watu wazima zinawekwa rafu moja na za vijana na picha za juu zinafanana, kwa hiyo soma kwanza sura kadhaa za katikati kabla hujampa wa miaka kumi na tatu.

Ukishasoma viwili vitatu jaribu mwenyewe, ndo utaona ufundi wao. Anza na hadithi ya huku kwetu. Kuna ile ya Sultani Darai iliyokusanywa kutoka kwa wasimuliaji wa Zanzibar ikachapishwa mwaka 1870, ambayo ni ndugu kabisa na ile ya Ulaya ya paka mwenye buti anayemtajirisha bwana wake maskini: maskini anayechakura jaani akitafuta punje za mtama, ananunua paa, paa anamtajirisha, anamwoza binti wa sultani, halafu paa akiugua yule bwana anamdharau mpaka anakufa. Paka wa Ulaya anaishia kuwa bwana mkubwa, paa wetu anakufa kwa uchungu. Swali liko wazi pale, paa alijisikiaje, na kwa nini hakuondoka mapema? Au chukua ile wanayosimulia wazee hapa, ya tembo aliyedidimia kwenye matope, uisimulie upande wa tembo, alikuwa anatoka wapi, nani alimwona akizama akanyamaza. Kama kuandika kunakutisha rekodi voisi uitume kwenye grupu, dakika tano tu, na wasikilizaji watakuuliza maswali ambayo hukuyafikiria, hayo yaandike kwanza kabla hayajapotea.